Kwikwi

Nimeiona mara tatu, na Jumamosi nitairudia.
Niiteni mjinga. Mimi, Torvald Lindgaard,
dereva wa gari la kusukuma theluji hapa Duluth,
miaka hamsini na mmoja, goti moja la chuma,
nasema hadharani: ile filamu ya binti mwenye kwikwi
ni nzuri.

Si kubwa. Nzuri.

Msichana anaitwa Odalys, ana miaka kumi na mitano
na meno yaliyofungwa nyaya.
Kwikwi ikimshika tu, hup! hayupo alipokuwa:
yumo ndani ya jokofu la jirani, kakalia keki;
yuko juu ya paa la kanisa, taulo kichwani;
yuko katikati ya harusi ya watu asiowajua
na bibi harusi anamkabidhi maua ayashike.
Hachagui. Nani huchagua, kwa umri ule?

Kazini Gunnar ananiambia, akijipangusa grisi,
"Filamu ya watoto hiyo. Hakuna hata aliyekufa."
Ndiyo, Gunnar. Hakuna aliyekufa.
Nimemzika kaka yangu mwezi wa Machi, ardhi bado jiwe;
sina haja ya kulipa dola kumi na mbili
nitazame mji mwingine ukiporomoka
huku watu waliovaa nguo za kubana wamenuna.
Hapa kinachookolewa ni basi la shule,
mbwa mmoja aitwaye Meya, na mtihani wa jiografia.
Yanatosha. Kuna miaka ambayo
hayo tu ndiyo yanayookoleka.

Sisemi haina kasoro.
Yule adui, mpiga picha wa shule, masharubu yake
yanapinda kushoto mlangoni, kulia akishaingia.
Wimbo wa pale kantini ungekatwa, nisingelia.
Na Ephraim, rafiki anayembebea viatu vya akiba
filamu nzima (maana kila akipotea huacha kimoja),
haambiwi hata ahsante.
Ningekuwa mimi mwongozaji, ningempa dakika yake.

Lakini sikilizeni ufundi ulipofichwa:
kwikwi dawa yake mshtuko. Mnajua.
Adui naye anajua. Hahitaji bunduki wala roboti;
amtishe tu, mara moja, barabara,
na nguvu zimtoke.
Kwa hiyo binti yule, magoti yakigongana,
hana budi asimame mbele ya linalomtisha
akatae kushtuka.
Kimya.
Kimya.
Kwi.
Ukumbi mzima, yaani wazee wa tiketi za asubuhi
na watoro wawili wa shule,
tukashangilia kama tumeshinda vita.

Mara ya tatu nilikwenda na Sunniva, binti yangu,
kumi na sita, ambaye siku hizi hunijibu kwa mabega.
Alikaa viti viwili mbali, ati bisi zangu zinanuka siagi.
Kwenye jokofu alicheka puani.
Kwenye harusi kikamtoka kicheko chenyewe,
kile cha bata, nilichodhani
kilihama nyumbani pamoja na mama yake.

Wakati wa kurudi ziwa lilikuwa jeupe hadi macho yanapokoma.
Tukapanda kilima, redio imezimwa.
Kwi, akasema.
Sikugeuka.
Kwi.
Tabasamu nikalitafuna.
Dawa zote nazijua: maji ya kunywa umeinama,
sukari chini ya ulimi,
kelele ya ghafla nyuma ya sikio.
Sikuitumia hata moja.
Niliendesha kama mtu aliyepakia mayai,
nikakwepa kila shimo, kila bonge la barafu
nililoliacha barabarani mwenyewe usiku wa jana,
na mtaa wetu nikauzunguka mara mbili,
asije akashtuka,
asije akapona.