Mkunga

Mchana natengeneza meno ya watu.
Usiku, meza ileile, nta ileile,
taa ileile iliyoinamisha shingo,
natengeneza nyambizi.

Urefu wake ni mkono wangu na shubiri moja.
Kiwiliwili ni bomba la maji machafu, nchi nne,
nililolinunua Mwembe Tayari kwa kijana aliyeniuliza
choo changu kiko ghorofa ya ngapi.
Pua na mkia nimevifinyanga kwa akriliki ya ufizi,
maana ndiyo niliyo nayo,
kwa hivyo chini ya rangi nyeusi ni ya waridi,
na kwenye mapezi rangi nyeusi imekataa kushika.

Nimeiita Mkunga.
Murtaza wa duka la betri akauliza: samaki, au mzalishaji?
Nikamwambia, chagua.
Mama yangu alizalisha nusu ya mtaa wa Kuze,
na kuuma aliuma.

Jaribio la kwanza, pipa la kufulia.
Ikazama kama sahani.
Nikaikausha, nikaipaka povu la sabuni,
nikaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli
vile wafanyavyo mafundi wa panchari,
na pale ekseli ya rafadha inapochomoza
kiputo kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama,
kikavimba,
kikaniangalia,
kikapasuka.
Wiki tatu nilikuwa namtafuta huyo.

Kisha uzito. Chubwi kumi na mbili za risasi tumboni.
Gramu tatu zaidi, inalala chini haisemi.
Gramu tatu pungufu, inaelea kama kifuu.
Nilizichonga kwa tupa ya meno,
vumbi kwa vumbi,
hadi adhuhuri ya Jumapili iliposimama katikati ya pipa
haitaki juu, haitaki chini,
nami nikasahau chai jikoni ikachemka ikaisha.

Watu husema: wewe unaishi kisiwani,
maji ya kuchezea unayatafutia nini?
Nilikwenda nayo Tudor, maji yamejaa.
Ikaingia dhiraa moja.
Nikasukuma kijiti kushoto, nikasukuma kulia.
Wapi.
Chumvi hula mawimbi ya redio.
Maji yote yale yanayotuzunguka, na ni kiziwi.

Lakini nilikuwa nimeitilia kanuni:
zikipita sekunde kumi hujanisikia,
usingoje, usinitafute,
tapika maji yote, upande.
Nikahesabu kwa sauti. Watoto wawili wakahesabu nami.
Kumi.
Kumi na moja.
Kumi na nne, na mgongo ukatokea,
si pale nilipokuwa natazama.

Zuhra wangu yuko Doha, mwaka wa pili.
Simu yake ina siku tisa haijibu.
Basi. Nilitaka tu kulitaja.

Siku hizi naipeleka Shanzu, hoteli iliyofungwa.
Bawabu Chengo hunifungulia lango dogo
nami nikamtengenezea mama yake meno ya mbele.
Bwawa la kuogelea limejaa mvua,
kijani kama mchuzi wa mchicha,
lakini ni maji matamu, na maji matamu husikia.

Jana usiku nilibonyeza, tangi likaanza kunywa.
Sitaha ikalowa. Mnara ukafuata.
Ikabaki periskopu, unene wa kijiti cha kiberiti,
ikichora mstari juu ya maji,
halafu hata mstari haukuwapo.
Niliiendesha kwa kukisia: chini ya ngazi ya chuma,
kuzunguka kiti cha plastiki alichokitupa mtalii gani sijui,
kipenyo kwa kipenyo, ulimi nje kama mtoto wa chuoni.

"Sasa kazi yake nini?" akauliza Chengo.
Kuzama.
"Halafu?"

Sikumjibu, nilikuwa nahesabu.
Akazungusha tochi polepole juu ya ule ukijani,
akaisimamisha.
"Hapo," akasema.
Mimi nilikuwa natazama kwingine.