Tairi za Shangazi Saimi

Alhamisi Taisto alizifunga zote nne,
akafuta mikono kwenye suruali, akasema: tayari.
Shangazi akainama, akapitisha kidole
juu ya vinyweleo vya mpira vilivyosimama
kama ndevu za kwanza za mvulana.
Akanusa kidole. Akasema: bado.

Mimi niliona weusi tu, unaong'aa.
Kipya kinyemi, nami nilikuwa na kinyemi cha watu kumi:
uwanja wa mbio uko kilomita tisa kutoka tanuri letu,
Jumapili tumeshalipia,
kofia yangu nimeisugua mara tatu.
Twende leo, nikamwambia, hata mzunguko mmoja.
Akaniwekea kidole chake juu ya changu. Kikateleza.
"Mafuta ya kalibu," akasema.
"Hizi zilichomolewa kama keki kwenye bati lililopakwa.
Mpaka yaishe, hazijui kushika."

Basi tukazifundisha kazi kwa mikate.

Saa nne usiku, jua la Juni lingali limeegemea misonobari,
mikate themanini kiti cha nyuma,
myeusi, ya duara, yenye tundu katikati,
joto lake likitupanda mgongoni.
Tukapita Tuulos, tukaelekea Lammi,
mwendo wa mtu aliyebeba mayai.
Kona moja, kulungu wa kule, mrefu kuliko gari,
pembe kama viti viwili vilivyopinduliwa,
amesimama katikati ya njia akitafuna.
Breki zilishika. Tairi hazikushika,
zilisogea kidogo, hivi,
kama mtu mwenye soksi kwenye sakafu ya mbao.
Tukasimama hatua mbili kutoka puani mwake.
Shangazi hakusema kitu.
Alinionyesha kile kidole tena.

Kauko wa dukani alikuwa mlangoni na saa mkononi.
"Mbona mmechelewa?"
"Tairi mpya."
Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa nyumbani kuna mgonjwa,
akapokea mikate yake bila neno.

Kilomita mia na sitini, kwenda na kurudi.
Akaweka kiganja kwenye kila tairi, jinsi anavyopima unga ulioumuka,
kisha akafunga banda
na ufunguo akautundika shingoni mwake.
Zilale, akasema. Usiku, mchana, na usiku mwingine.
Mpira hukumbuka moto wake wa kwanza:
ukiupata kwa upole ukapoa, hujifunga upya ndani kwa ndani;
ukiupata kwa fujo, hubaki na hasira hiyo hadi unaisha.
Sijui kama ni kweli.
Najua Ijumaa nzima nilizunguka banda lile
na unga wangu uliumuka hadi ukamwagika.

Jumapili tukatoa kila kitu garini: jaki, mwavuli, zulia,
na chini ya kiti mkate mmoja, mgumu kama lami.
Nani Lammi amekosa mkate wake?
Akapunguza upepo, akaandika namba kwenye mkono,
akachora mstari wa chaki begani mwa kila tairi.

Mzunguko wa kwanza walitupita wote.
Wa pili pia, hata kijana mwenye gari la mama yake,
tena alitupungia.
Wa tatu Shangazi aliacha kuzungumza.
Kutoka chini ikaja sauti ndogo, nyembamba,
kama mtu anayepasua kitambaa chumba cha pili,
na kona ikatuzungusha, haikututupa.

Tuliporudi nikapiga magoti.
Vinyweleo hakuna. Weusi ule wa dukani hakuna,
mpira umekuwa wa kijivu, mkavu, umekunjamana.
Chaki imefutika hadi kwenye pembetatu ya kiwandani
na hapo ikakoma.
Nikapitisha kidole. Kikagoma.

"Sasa," akasema Shangazi,
akavua ufunguo shingoni, akanirushia.
Nikaudaka. Ulikuwa na joto lake.
Nikatazama njia, kona ile ya kushoto, mlima ule,
nikatazama kidole changu.
"Bado," nikasema.
"Ngoja kwanza nimalize mkate."