Nukta Isiyoguswa

Rannvá, ukungu umevimeza visiwa vya Faroe,
hata kondoo wa Vágar hawaonani.
Kwenye kioo, nukta yenye herufi tano: TORVI.
Haina boya, haina taa, haina jiwe;
ni namba tu, setilaiti zimekubaliana.

Huifikii. Kabla yake ndege inalaza bawa,
inakata kona, inaiacha pembeni
kama mlango wa jirani usiobishiwa hodi.
Ya pili vivyo hivyo.

Ila ile ya mwisho, iliyozungushiwa duara,
sharti uipite juu yake hasa, utosini,
ndipo uamue.
Futi mia saba. Sunnleif anasema: "Sioni."
Weupe.
Unasukuma mitambo, pua juu,
na chini, mahali fulani, uwanja unasikia ngurumo
ya mgeni aliyefika asiingie.