Ilinganishwe na Mgonjwa

Bahasha ilikuwa kubwa kuliko mkoba wangu.
Niliibeba kifuani kutoka hospitali mpaka Birere,
watu wakidhani nimepata diploma.

Ndani: filamu moja nyeusi, vichwa vyangu ishirini
vimepangwa safu nne kama miche ya sabuni dukani,
na karatasi ya Kifaransa, mistari sita,
sahihi iliyokimbia.

Muhindo aliisoma akiwa amesimama mlangoni,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.
"Doa dogo jeupe, upande wa kulia.
Halina sura maalumu."
Akameza mate.
"Ilinganishwe na mgonjwa."

Mgonjwa ni mimi.
Katungu, binti wa nne, miaka kumi na tisa,
mwenye mkono wa kushoto unaosinzia kabla yake,
unaoachia mkasi katikati ya pindo.
Nilinganishwe na nani?

Daktari Bulambo aliiinua filamu dirishani
kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda,
na nyuma ya ubongo wangu nikauona
ua wa hospitali, mwanamke akianika shuka,
kuku akivuka kutoka sikio hadi sikio.
"Huenda ni kovu la zamani," alisema,
"homa ya utotoni. Huenda si kitu.
Huenda ni kitu kinachoanza."
Huenda zilikuwa tatu. Nilizihesabu.
"Picha ya sumaku ingetuambia zaidi, ila hapa mjini..."
Akafungua kiganja. Hakikuwa na kitu.
Turudie baada ya miezi mitatu.

Mama Kanyere wa nyumba ya pili, ambaye hakuulizwa,
alisema lisemwalo lipo,
kama halipo laja.
Na lililosemwa nusu, mama?
Lipo nusu?
Au laja likichechemea,
limekaa Sake kwanza, linapumzisha miguu?

Mimi najifunza kushona. Alama nyeupe nazijua.
Kuna ya chaki: unaipiga kwa kiganja, imekwenda.
Kuna ya nyuzi zilizokosana kiwandani:
hiyo huitoi, unakata kitambaa kwa hila
iangukie ndani ya mshono,
na bibi harusi anacheza mpaka asubuhi asijue.
Na kuna ile inayolegea polepole,
leo tundu la sindano, kesho kidole kinapita.
Kitambaa ningekivuta kidogo, nikisikilize.
Hiki ni kichwa.
Sijui pa kukishika.

Usiku mlima unayapaka mawingu rangi nyekundu
na hakuna anayetoka kuangalia.
Mji huu nao una picha zake:
mahali fulani kalamu inaandika mtikisiko wa chini,
halafu tunaambiwa, manjano.
Manjano si kimbia.
Manjano si lala.
Baba alijenga upya juu ya jiwe jeusi lilelile
lililokuja likiwaka na kula nyumba yake ya kwanza.
Aligeuza tu mlango, utazame barabara.
Hajawahi kusema kwa nini,
na sisi tunapita humo kila siku na ndoo za maji,
na keki za sikukuu, na mara moja jeneza la bibi,
bila kuufikiria.

Filamu nimeiweka chini ya godoro.
Ikikunjika inalia kama bati.

Mama anataka niombewe. Sawa, naombewa.
Muhindo anataka kuuza simu yake. Hapana.
Mimi nimechukua daftari la vipimo,
na kati ya kiuno cha mke wa mchungaji
na mabega ya mtu wa forodha, ambayo hayalingani,
naandika kwa penseli:

Jumatatu, kichwa kizito, mvua.
Jumanne, mkasi umeanguka mara mbili.
Jumatano, haukuanguka.
Alhamisi, mara moja,
lakini nilikuwa nacheka.