Kutoka Kushoto

Miaka ishirini na tisa nimeiendea namba kutoka kushoto.
Skrubu ilikuwa na mchezo, na si mchezo wa watoto:
upenyo mwembamba kuliko unywele, kati ya jino na nati.
Ukiigeuza ghafla ilisita,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
Basi niliipita alama, nikarudi nyuma,
nikaijia upya, kutoka kushoto, taratibu,
ndipo yakuti ikatobolewa katikati.

Hapa bondeni Jura, theluji ikiziba dirisha,
tuliipasha mashine moto nusu saa nzima,
ikienda na kurudi bila kazi.
Chuma baridi ni kifupi, cha moto hurefuka,
na saa ya mkono haipokei udhuru.

Jumatatu Rebetez akaleta mpya.
Nikatafuta skrubu. Hakuna.
Mkanda, gia, kopo la grisi. Hakuna.
"Mota iko wapi?"
"Umeiegemea, Odile."

Wameichana mota ya duara, wakaikunjua,
wakailaza chali:
sumaku kwa safu, kaskazini, kusini, kaskazini,
na koili inapita juu yake bila kugusa.
Visivyogusana havilani.
Kando, rula ya kioo, na jicho la kuisoma
mistari ambayo langu haliioni;
mara maelfu kwa sekunde linaiambia koili:
umezidi, umepungua, hapo hapo.

Iliruka. Ikasimama. Sikusikia kusita.
Nikaituma kutoka kulia: tundu lile lile.
Matundu mia nne, kahawa yangu bado ya moto.
Nikayapima yote chini ya hadubini,
nikitafuta kosa, tena kwa hamu, sifichi.

Ina yake pia. Inabugia umeme,
inachemka hadi ipitishiwe maji kwenye mabomba.
Ilininyang'anya kibano mkononi,
na saa ya marehemu mama ikagoma saa nne na dakika saba.
Rebetez akaitoa usumaku, ikatembea tena.
Radhi hakuomba.

Siku hizi nabonyeza, basi.
Ila jioni gari naipitisha nafasi yake,
nairudisha nyuma, ndipo naiegesha.
Kikombe nakisogeza mbali, kisha nakiendea.
Mume wangu alishaacha kuuliza.

Skrubu imepelekwa kuyeyushwa.
Mchezo wake umebaki kwangu.