Tundu la Pumzi

Ilizima katikati ya Mtera,
pale miti iliyozama ingali imesimama.
Plagi tulibadilisha Jumatatu.
Chujio tulilifungulia juu ya sufuria ya ugali:
halikuwa na maji, halikuwa na uchafu.
Ndahani akailaumu petroli ya madumu ya Migoli.
Mimi nikamlaumu Ndahani.

Sechelela, aliyetufuata kwa mtumbwi wa kasia,
hakulaumu mtu.
Alishika kile kipira cha kupampia,
akakibonyeza; kikasinyaa, hakikurudi,
kama kiwele cha mbuzi wakati wa kiangazi.
"Ikizima, inazimaje? Ghafla,
au inakohoa kwanza?"
Inakohoa, nikasema. Dakika kumi inakimbia vizuri,
kisha inaomba.
"Na mkiisubiri?"
Inawaka tena.

Akaliinamia tangi, akalipapasa
ubavu uliobonyea,
akalegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko,
nusu mzunguko tu.
Fyuuu.
Tangi likavuta pumzi
kama mtoto aliyenyamazishwa kwa nguvu.

Lita ishirini na tano zilikuwemo humo,
na injini inakufa kwa kiu.

"Nani aliikaza?"
Nikatazama milima ya upande wa Chipogolo.
Ni mimi. Bei ilipopanda
nilikaza kila kitu: skrubu, mfuko, mdomo,
na posho ya Ndahani,
nisipoteze hata harufu.

Kamba ikavutwa mara moja.
Tulirudi nchi kavu hatuongei,
na jioni ile nikamlipa Ndahani
ya wiki mbili.