Nyumba ya Mizigo Mitatu

Mto ulipokuja haukubisha hodi.
Uliingia Jumanne, kabla ya alfajiri,
ukatoka Ijumaa na vitanda, mbuzi, kuta za kusini.
Watu wa bonde la Lukuledi wakalazwa kwenye ghala la korosho,
kaya thelathini na moja, mlango mmoja,
na harufu ya magunia ya msimu uliopita
ikawaingia mpaka kwenye uji.

Mimi fundi. Huzuni yangu huishia kwenye futi kamba.
Nikarudi karakana, hapa Mtama, nyuma ya mashine ya kukoboa,
nikachora juu ya mfuko wa saruji
nyumba ya kukunja:
mianzi kumi na minane, bawaba za mpira wa tairi,
kuta za gunia zilizopakwa mafuta meusi ya ganda la korosho,
yale yanayobabua ngozi.
Mchwa huonja mara moja, harudi.
Mfaume, mwanagenzi wangu, ana alama yake kiganjani hadi leo.
Juu, paneli ya sola isiyozidi sinia,
taa moja, tundu la kuchajia simu.
Pembeni, mfereji wa bati unaoshusha mvua dumuni.
Nikajisifu: haina deni kwa mtu,
haisubiri nguzo ya umeme, haisubiri bomba.
Wanaume wanne wanaibeba kama jeneza,
dakika ishirini imesimama.

Nikaipeleka ghalani.
Somoe Nampunju akaizunguka mara mbili,
mtoto mgongoni, kanga ya kuazima.
Hakuuliza bei. Akauliza:
"Hao wanaume wanne, usiku ule, walikuwa wapi?"

Mumewe alikuwa Newala kwenye kibarua.
Jirani alikuwa juu ya paa, amemshika mama yake.
Wa tatu, wa nne, sijui; kila mmoja mikono imejaa.
Alichookoa Somoe ni alichoweza kubeba:
watoto wawili, sufuria,
cherehani bila meza yake.

Nikampa debe la maji, akalitwika.
Nikatoa kamba, nikampima
kutoka unyayo hadi ukingo wa debe,
kisha nikaenda kupima njia ya mikoroshoni
pale inapobana.
Watu wakacheka: fundi anashona suti ya maji!
Mimi naandika:
kilo ishirini. Si zaidi.
Mwanzi usizidi mikono yake miwili ikinyooshwa.

Nikaivunja nyumba yangu.
Ikawa mizigo mitatu:
wa kichwa, wa bega,
na kifurushi cha taa na kamba
kwa mtoto wa miaka saba,
ambaye naye anataka kuwa ameokoa kitu.
Nikapunguza dirisha la pili. Nikapunguza rafu, ikabaki moja.
Nikapunguza kizingiti:
kilo moja na robo ya mninga, kazi yake nini?

Siku ya kujaribu aliisimamisha mwenyewe, uwanja wa shule,
upepo ukimnyang'anya kila pembe.
Dakika thelathini na nane.
Mvua ikaja kama iliyoalikwa,
dumu likaanza kuhesabu. Taa ikawaka.
Nikakaa nikingoja shukrani.
"Fundi, nyumba hii haina pa kusimamia mgeni.
Mtu akija ataingia tu, kama ule mto."

Nikasema: uzito.
Akasema: toa rafu iliyobaki. Sufuria yangu ni moja, itakaa chini.

Basi ndivyo ilivyo sasa.
Wakubwa wakija na karatasi zao
wataona ubao chini ya mlango wa gunia,
wataniuliza wa nini, unaongeza gharama.
Nitawaambia wavue viatu kwanza.

Jana nilipita na bawaba za akiba.
Nikasimama upande huu wa ubao.
"Hodi."
Cherehani ikanyamaza.
Nilijua amenisikia, gunia si tofali.
Akakaa hivyo, makusudi,
mwenye nyumba,
kabla ya kunikaribisha.